Kungoja Nako Kunataka Damu

Zamani muumini aliyekataa kuongezewa damu alikuwa na jibu moja: Mungu amekataza. Siku hizi jibu hilo huja na jingine nyuma yake, kwamba hata madaktari wameanza kurudi nyuma, kwamba tafiti zao wenyewe zinaonyesha wagonjwa wengi hupona bila damu, na kwa hiyo amri ya Maandiko imethibitishwa na maabara. Jibu la kwanza ni la imani, nami nitalipa heshima yake. La pili ni dai juu ya mambo yanayohesabika, na dai la namna hiyo halina budi kupimwa kama madai mengine. Napenda kulipimia Kagera, hasa Bukoba na Muleba, kwa kuwa huko swali hili hukutana na mtoto kitandani. Muleba ilipigwa na mlipuko mkubwa wa malaria mwaka 2006. Wilaya hiyo hiyo baadaye ilitumika kujaribu vyandarua ambavyo dawa yake imeongezewa kiambato cha kuvunja usugu wa mbu, na majibu ya jaribio hilo, yaliyochapishwa mwaka 2018, yamesaidia kuvifikisha vyandarua hivyo sehemu nyingi za Afrika. Hospitali za Rubya na Kagondo za Kanisa Katoliki, Ndolage ya Walutheri, na ile ya rufaa ya mkoa mjini Bukoba, zote zinawajua watoto ambao malaria imewamaliza damu.

Mtoto wa aina hiyo hutambulika kabla ya kipimo. Viganja vimepauka, na ukifunua kope kwa kidole, ndani kumepauka vilevile. Moyo unakwenda mbio. Akizidiwa, mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi, naye analegea mikononi mwa mama yake. Vijidudu vya malaria vimeingia ndani ya chembe nyekundu, vimezaliana humo na kuzipasua, na mwili haukuweza kutengeneza nyingine kwa kasi hiyo. Kinachopungua ni himoglobini, ile inayobeba oksijeni. Wodini mama huambiwa kwa ufupi kwamba damu ya mtoto ni nne, maana yake gramu 4 katika kila desilita, ilhali mtoto mwenye afya anatakiwa awe na 11 au zaidi. Kwa mtoto wa kilo 10, tiba ni mililita 200 au 300 za damu nzima, yaani sehemu tu ya chupa moja ya mililita 450 ambayo mtu mzima huitoa akiwa amelala kwa dakika chache, akanywa soda, akaenda zake. Kiasi ni kidogo hivyo, na muda nao ni mfupi. Sarah Kiguli wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake, katika uchambuzi uliotoka mwaka 2015, walipitia kumbukumbu za watoto waliolazwa wakiwa na homa kali katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Miongoni mwa wenye upungufu mkubwa wa damu ambao hawakuongezewa, takriban nusu walifariki ndani ya saa nane, na wengi sana kati ya hao walifariki ndani ya saa mbili na nusu tu tangu kuingizwa katika utafiti.

Sasa tuutazame ushahidi unaowapendelea wanaokataa, maana upo na ni wa kweli. Mwaka 1999 Paul Hébert na wenzake wa Kanada walichapisha utafiti wa wagonjwa mahututi 838. Nusu waliongezewa damu mara himoglobini iliposhuka chini ya 10, nusu wakasubiriwa hadi iwe chini ya 7, na waliosubiriwa hawakufa zaidi ya wenzao. Kwa Afrika Mashariki kazi nzito zaidi ni ya Kathryn Maitland, daktari wa watoto ambaye kwa miaka mingi amefanya utafiti wake kutokea Kilifi, Kenya. Mwezi Agosti 2019 yeye na wenzake, wengi wao Waganda na Wamalawi, walichapisha matokeo ya jaribio la watoto zaidi ya 3,000 katika hospitali tatu za Uganda na moja ya Malawi. Kati yao, 1,565 walikuwa na himoglobini kati ya 4 na 6 lakini hawakuwa na dalili za hatari: walipumua vizuri na akili zao zilikuwa sawa. Hawa waligawanywa kwa kura. Kundi moja liliongezewa damu papo hapo, jingine likasubiriwa. Kufikia siku ya 28 walikuwa wamefariki 7 katika kundi la kwanza na 13 katika la pili, tofauti ambayo kwa hesabu za kitakwimu haitoshi kusema kwamba kuwahi kuliokoa. Ndiyo matokeo yanayotajwa kwa furaha na yule anayetaka kusema kwamba damu si lazima.

Lakini mtu akiutaja utafiti, autaje wote. Katika kundi lililosubiriwa, watoto hawakuachwa. Walitazamwa, wakapimwa tena na tena, na yeyote aliyeanza kuonyesha dalili za hatari, au ambaye himoglobini yake ilishuka chini ya 4, aliongezewa damu. Watoto 386 kati ya 787, yaani karibu nusu ya kundi zima, waliishia kuwekewa damu hiyo hiyo waliyokuwa wamecheleweshewa, wengi wao baada ya siku moja hivi. Na wale waliofika wakiwa na hali mbaya tangu mwanzo hawakupigiwa kura ya kupata au kukosa; wote walipewa, na kilichopimwa kwao ni kiasi tu. Kwa hiyo jaribio hili halikulinganisha damu na kukosa damu. Lililinganisha damu ya sasa hivi na damu ya baadaye ikihitajika. Vifo vichache vya kundi la pili vilipatikana mahali ambapo chupa zilikuwa kwenye jokofu, zimekwisha kupimwa, zikingoja pamoja na mtoto. Ondoa jokofu hilo, na matokeo hayo hayana tena la kutuambia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyapata bila jokofu. Aliyetoa damu wiki mbili kabla, ambayo huenda haikutumika kwa mtoto fulani kabisa, ndiye aliyefanya kungoja kuwe salama.

Hapa ndipo ulipo uzito wa hoja yangu. Anayekataa damu kwa imani anaweza kusimama juu ya amri ya Mungu wake, na juu ya hapo hakuna takwimu inayomfikia. Hawezi kusimama juu ya utafiti wa Maitland, maana utafiti huo umesimama juu ya kile anachokikataa. Akiutumia, anaazima usalama uliotengenezwa na watoaji damu ili kuthibitisha kwamba watoaji damu hawakuhitajika. Anayetaka kujua kinachotokea pale damu inapokosekana kweli anapaswa kwenda kwa utafiti mwingine, na bahati nzuri upo, tena umetokana na wenye imani hiyo wenyewe. Jeffrey Carson, daktari wa New Jersey, Marekani, alikusanya kumbukumbu za wagonjwa 300 waliofanyiwa upasuaji na kukataa damu kwa sababu za kidini, wote himoglobini yao ikiwa imeshuka hadi 8 au chini yake. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Wale ambao haikushuka chini ya 7.1 hakufariki hata mmoja, na jambo hilo lisemwe wazi, maana limewafundisha madaktari wasikimbilie chupa. Lakini waliofika kati ya 4.1 na 5, walifariki zaidi ya theluthi moja. Na kadiri himoglobini ilivyozidi kushuka ndivyo vifo vilivyozidi kupanda. Hao walikuwa watu wazima waliochagua, ndani ya hospitali zenye vifaa vyote isipokuwa kimoja. Mtoto wa Muleba mwenye damu 4 anaanzia pale walipoishia.

Nitaambiwa kwamba ninautegemea mno udaktari, na udaktari umekosea mara nyingi. Ni kweli, na mfano mkubwa kabisa uko karibu nasi. Kwa miongo mingi iliaminika kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye mzunguko wake wa damu umedhoofu anapaswa kupewa maji ya mshipani kwa wingi na kwa haraka. Maitland huyo huyo na wenzake waliijaribu tiba hiyo kwa watoto 3,141 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo ya Teule kule Muheza, na mwaka 2011 wakatangaza jambo ambalo wengi hawakutaka kulisikia: waliopewa maji ya haraka walifariki zaidi, kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48, wakati wasiopewa walifariki asilimia 7.3. Tiba iliyoaminika ilikuwa inaua. Kwa mtu anayetafuta sababu ya kutowaamini madaktari, hii ni sababu nzuri. Ila tazama kosa hilo liligunduliwaje. Halikugunduliwa na aliyekaa nje akisema tangu zamani kwamba maji yale ni mabaya. Liligunduliwa na wale wale waliokuwa wakiyatoa, kwa kukubali kuhesabu waliokufa na kuandika hesabu hiyo mbele ya ulimwengu. Utafiti wa damu wa 2019 umetoka katika unyofu huo huo, nao umewakosoa madaktari pia: umeonyesha kwamba mtoto mwenye homa hufaidika na kiasi kidogo, mililita 20 kwa kila kilo, na asiye na homa hufaidika na 30, jambo ambalo wodi nyingi hazikuwa zikilitofautisha. Mwenye kuusifu unyofu huo pale unapompendeza anapaswa kuukubali na pale usipompendeza.

Kuna pingamizi jingine, na kwa Kagera hili ni zito kuliko yote, nalo halihitaji aya yoyote ya Maandiko. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Kipimo cha kuchuja virusi katika damu hakikuwapo popote duniani hadi mwaka 1985. Mwaka 1987 Japheth Killewo, Fred Mhalu na wenzao wa Muhimbili pamoja na wanasayansi wa Sweden walipima wakazi wa mkoa huo, na Bukoba mjini wakakuta asilimia 24.2 ya watu wazima, karibu mtu mmoja kati ya wanne, wana virusi. Familia zilizozika watu katika miaka ile, zikaachiwa wajukuu na migomba isiyo na wa kuipalilia, haziogopi damu kwa ujinga. Zilikuwa sahihi kuiogopa damu ya wakati ule. Lakini sababu ya hofu ile ilikuwa jambo linaloweza kupimwa, na limepimwa na kurekebishwa. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004, na damu inayokusanywa huchunguzwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina B na C, na kaswende. Hatari haijafutika kabisa, kwa kuwa maambukizi mapya yanaweza kupita siku za mwanzo bila kuonekana kwenye kipimo. Ila hatari hiyo ndogo ikiwekwa kando ya zile saa mbili na nusu za Kiguli, mzazi anayepima kwa haki anajua ipi ni kubwa. Hofu ya mwaka 1985 ilimlinda mtoto. Mtoto wa leo mwenye damu 3 hailindi roho yake.

Nirudi kwenye jibu la imani lenyewe, kwa sababu wapo watakaosema kwamba hayo yote hayawagusi. Mashahidi wa Yehova walianza kufundisha mwaka 1945 kwamba kuongezewa damu ni kinyume cha amri, na tangu 1961 anayekubali bila kutubu anaweza kutengwa na kutaniko. Wanasoma kitabu cha Mwanzo, ambapo Nuhu anaruhusiwa nyama lakini si damu. Mambo ya Walawi, ambapo uhai unahusishwa na damu. Na Matendo ya Mitume, ambapo baraza la Yerusalemu linawaagiza waamini wajiepushe nayo. Hizi si aya za kupuuzwa, na anayezicheka hajazisoma. Waislamu nao wana katazo la kula damu katika Qurani, lakini wanazuoni wao wengi wameruhusu kuongezewa kwa hoja ya dharura, kwa kuwa mwenye kulazimika hana dhambi. Kwangu mimi, jambo linalotenganisha aya zile na chupa ya hospitalini ni hili: damu inayokatazwa katika Torati ni ya mnyama aliyechinjwa. Uhai umekwisha kutolewa, na damu inarudishwa ardhini kama kukiri kwamba uhai ule haukuwa wa mchinjaji. Katika kuongezewa damu hakuna aliyechinjwa. Aliyetoa yuko shambani kwake, na mwili wake umekwisha kuanza kutengeneza nyingine. Damu iliheshimiwa kwa sababu ya uhai. Kuiheshimu kwa namna inayouacha uhai utoke ni kuishika alama na kukiachilia kile inachokiashiria. Yesu alipoulizwa kuhusu sabato alijibu kwa mfano wa Daudi aliyekula mikate mitakatifu akiwa na njaa. Shahidi atanijibu kwamba njaa ya Daudi haiwezi kufuta agizo la mitume lililokuja baadaye, na kwamba utii usiokuwa na gharama si utii. Hapo tumefika mwisho wa yale ambayo hoja inaweza kufanya kati ya watu wawili wanaoheshimiana. Mtu mzima mwenye akili timamu akisema hapana kwa ajili ya Mungu wake, akijua kwamba anaweza kufa, daktari wa Ndolage au Rubya hana haki ya kumfunga mikono. Naamini hivyo kabisa, na nadhani imani inayokubali gharama yake hadharani ina adhama kuliko ile inayojificha nyuma ya takwimu za kuazima.

Mtoto wa miaka miwili hajasema hapana. Huwezi kumpa sifa ya utii ambao hakuuchagua, wala kumtoza gharama ya imani ambayo hajaifikia. Mzazi anayemkatalia damu anasema kwamba anaitunza roho ya mwanawe, na sina sababu ya kutilia shaka upendo wake. Lakini ikiwa thamani ya kukataa inatokana na hiari, pale pasipo hiari thamani hiyo haipo, kimebaki kifo tu. Sheria zimeliona hili. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 34, inakataza mtoto kunyimwa tiba kwa sababu ya imani ya dini au nyingineyo. Na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya matibabu na kutaka maslahi yake yatangulizwe. Si kwamba serikali inajua njia ya mbinguni kuliko baba. Inachofanya ni kumhifadhi mtoto hadi awe mtu wa kuweza kukataa mwenyewe.

Wahaya wa kale walikuwa na undugu wa damu waliouita omukago. Wanaume wawili walichanjwa karibu na kitovu, damu ya kila mmoja ikapakwa kwenye buni, punje mbili za tunda moja la kahawa, na kila mmoja akameza ya mwenzake. Tangu hapo nyumba ya mmoja ilikuwa nyumba ya mwingine, na kumsaliti kulikuwa balaa. Ulikuwa mkataba mzito, lakini ulikuwa wa watu wawili wanaojuana. Utaratibu wa kuwaambia ndugu wa mgonjwa waje watoe damu uko karibu na mkataba huo: natoa kwa ajili ya wangu. Ni utaratibu wenye utu, na umeokoa wengi. Shida yake ni saa. Ndugu akiitwa baada ya mtoto kufika, apande pikipiki kutoka kijijini, apimwe kundi, damu ichunguzwe, muda umekwisha kupita. Kungoja kulikofanikiwa katika jaribio la Uganda na Malawi kulihitaji damu ya mtu asiyejua itakwenda kwa nani, iliyotolewa kabla mtoto hajaugua. Na damu nzima iliyochangiwa leo hukaa kwenye jokofu siku 35 tu, haiwekwi akiba ya mwaka. Tanzania damu ya hiari imetegemea sana wanafunzi wa sekondari, nao huwa likizo Juni na Desemba. Muleba mvua kubwa huanza Machi na za vuli Oktoba, na malaria hupanda zinapoelekea kuisha, ndiyo kusema jokofu hukauka wakati ule ule ambao wodi ya watoto inajaa. Wale wasiokatazwa na dini yao, Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Waislamu, ambao katika mkoa huu ndio wengi, hawana Walawi wa kujitetea nao. Parokia ikipanga siku ya kuchangia damu katikati ya Mei, na msikiti ukafanya hivyo mwezi Novemba, chupa hizo zitakuwa bado hai wiki ambayo watoto wataanza kuletwa Rubya na Kagondo wakiwa na viganja vilivyopauka, na daktari ataweza kumwambia mama wa mtoto mwenye damu 5 anayepumua vizuri kwamba kwanza watangoja waone.